Kidole Kilichobaki Nje ya Maji

Jumatatu, 4 Machi

Miaka arobaini na mitatu ya uashi, sijawahi kukosea kipimo. Hata mara moja! Nimejenga vyoo, mabanda ya kuku, nguzo za geti, ukuta wa shule, na birika la ubatizo katika kanisa la mke wangu. Vyote vimekaa kama nilivyoviacha. Naandika haya kwa kalamu ya wino, si penseli, ili yasifutike.

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya kazi. Sasa kazi hakuna, magoti yamegoma, basi naandika mambo ya watu. Hakuna atakayesoma. Mwandiko wangu ukipita wiki hata mimi unanishinda.

Habari ya leo. Ni wiki ya kumi na moja tangu kanisa lipasuke. Mke wangu kaenda dukani kununua chumvi, kakutana na mdogo wake palepale kaunta. Ndugu wa tumbo moja! Mmoja akatazama sabuni, mwingine akatazama viberiti. Mwenye duka ananiambia walisimama hivyo muda mrefu, mpaka akadhani ni wakaguzi wa afya. Mke wangu karudi bila chumvi. Nikamwambia si neno, chai yangu huwa sitii chumvi.

Hakucheka. Zamani angecheka.

Jumanne, 5 Machi

Ile ya jana ni uongo. Nimejaribu kuifuta, wino umekataa.

Nilikosea kipimo. Nimekosea vingi, lakini kimoja ndicho kilichopasua kanisa, na hakuna anayejua isipokuwa mimi na hili daftari. Haya, niandike yote nipumue.

Tepu yangu ya kupimia ilikanyagwa na lori miaka mingi iliyopita, ikakatika ncha. Inaanzia sentimita kumi na tano. Si tatizo. Ukishapima unatoa kumi na tano, basi, hesabu ya darasa la pili. Siku ya kupima birika sikutoa! Mke wangu alikuwa kaniletea mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Pande zote mbili! Akili yangu ikaenda kwenye siagi. Mchungaji alitaka birika la urefu wa mita mbili. Nikamjengea mita moja na themanini na tano. Upana nao ukapungua hivyohivyo, ila nani hulala kwa upana?

Nani angejua? Watu wa mtaa huu wengi ni wafupi, Mungu kawaonea huruma mafundi. Wakazamishwa mmoja mmoja, chubwi, wakatoka wanameremeta. Mpaka ikafika zamu ya Mlingoti.

Mlingoti ni mzee wa kanisa, tena ni mwanyumba wangu: mimi nimeoa dada mtu, yeye kaoa mdogo mtu. Ana mita moja na tisini na nne. Akija kwangu husalimiana na kizingiti kwanza, kwa paji la uso. Utotoni alinyunyiziwa matone tu. Sasa Mchungaji wetu huyu alikuja na mafundisho kwamba ubatizo wa kweli ni mwili mzima chini ya maji. Sawa. Mlingoti akalazwa chali. Kichwa kikaingia, miguu ikatokea. Wakasukuma miguu — kichwa kikatokea upande wa pili, kikasema, "Haleluya, mnaniua." Wakasukuma tena. Kichwa chini, kifua chini, magoti chini. Kikabaki kidole gumba cha mguu wa kulia. Nje. Kikavu. Kimesimama kama mtu aliyenyoosha mkono darasani.

Mchungaji akasema amina.

Katibu wa kanisa akasema, "Ngoja kwanza."

Jumatano, 6 Machi

Niendelee na jana, maana leo kumenyesha na sina pa kwenda.

Katibu hoja yake ni hii: mwili mzima ni mwili mzima. Kidole hakijabatizwa. Na mtu akitembea, kidole ndicho hutangulia, basi Mlingoti mzima anaongozwa na kiungo ambacho hakijaokoka. Mchungaji akajibu kwamba kinachobatizwa ni moyo, na moyo ulikuwa chini ya maji, tena chini kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko wangu, nikamuuliza, si wewe uliyesema mwili mzima? Akaniambia, mzee fundi, mwili mzima maana yake ni karibu wote.

Jumapili iliyofuata Katibu akaondoka na nusu ya waumini. Wakahamia ng'ambo ya barabara kwenye ghala la zamani la magodoro. Waligawana vitu kama wanandoa walioachana. Kinanda kikabaki, ngoma ikaenda. Viti vikakatwa katikati — kwa hesabu, si kwa msumeno, ingawa kimoja nusura. Birika halibebeki, likabaki. Lakini stuli ya kukanyagia wakati wa kushuka birikani Katibu akaibeba, akasema stuli ni mali ya kanisa la kweli. Wiki ya tatu akapanda juu yake kuhubiri, ikavunjika. Wa upande huu wakasema ni ishara. Mimi niliitengeneza, najua ilikuwa na mchwa.

Mtaani siku hizi wanaitwa Wa Birika na Wa Godoro. Kila upande unasema wao ndio kanisa la kweli, na wale wengine wamepotea. Kupotea gani huko? Mtu aliyepotea unamwona kutoka dirishani anakuna mgongo!

Mke wangu ni wa Birika. Shemeji yangu, yule mdogo wake, ni wa Godoro, maana anataka mumewe afike mbinguni na vidole vyote kumi. Na Mlingoti mwenyewe? Kwa Mchungaji anaona aibu kurudi. Kwa Katibu hapokelewi mpaka kidole kizamishwe, na Katibu hana birika. Jumapili anakaa nyumbani. Amevaa soksi. Soksi na kandambili!

Jioni hii Mchungaji kaja kuazima ngazi yangu. Ngazi ya mbao, vipandio kumi na viwili, nimeitengeneza mwenyewe. Anataka kupandisha bango. Nikamwambia ichukue, ila irudi. Akaniapia kwa unyenyekevu mkubwa.

Alhamisi, 7 Machi

Bango limepanda. HILI NDILO KANISA LA KWELI. Herufi nyekundu.

Ngazi haijarudi.

Ijumaa, 8 Machi

Katibu kaichukua ngazi ukutani kwa Mchungaji, hakumwomba Mchungaji, hakuniomba mimi. Kapandisha lake. KANISA LA KWELI KABISA.

Mchora mabango anapita barabarani anapiga mluzi. Nikamuuliza yeye anasali upande gani. Akasema anasubiri waongeze maneno.

Jumamosi, 9 Machi

Wa Birika wameongeza: LA TANGU MWANZO.

Tangu mwanzo! Saruji ya hilo jengo niliichanganya mimi.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimeona jambo, sijui niliandikeje.

Mimi si mtu wa kanisa. Naingia kukiwa na harusi, msiba au ufa ukutani. Birika nimelijenga lakini sijawahi kulilalia, na maji yaliyonizidi magoti nayaogopa tangu utoto. Mke wangu ananiombea miaka yote hiyo. Nilimwambia aombee na mabati ya jikoni, sote tuna kutu.

Basi asubuhi nimekaa zangu barazani. Madirisha yao yote wazi. Kwa bahati, au sijui kwa nini, pande zote mbili wakaanza wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Sasa, mke wangu huimba sauti ya kwanza na mdogo wake sauti ya pili. Wameimba hivyo tangu wana mapengo ya utoto, na sasa wana mapengo ya uzee. Huko Birika wimbo una sauti ya juu tupu, kama paa lisilo na nguzo. Huko Godoro una sauti ya chini tupu — nguzo bila paa. Nikasimama nikatembea, nikitafuta mahali wimbo unapokamilika. Nikapapata. Katikati ya barabara!

Nikasimama hapo, kofia mkononi. Ulikuwa mzima, haukupungua kitu.

Pikipiki ikanipigia honi. "Mzee, unataka kufa?" Nikamwambia nipo kanisani. Akaniambia nihamie kwenye viti.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya uchunguzi. Nimewauliza watu, kanisa la kweli mtu hulijuaje?

Mchungaji: Kanisa si jengo, mzee fundi, kanisa ni watu. Nikamuuliza, sasa mbona bango umelipigilia kwenye jengo? Akakumbuka ana mgonjwa wa kutembelea.

Katibu: Kanisa la kweli ni linalotii lote, si nusu. Nikamwambia basi tii ile amri ya kurudisha ngazi. Akasema ngazi wameshairudisha. Wapi? Kwa Mchungaji, maana ndipo walipoitoa. Hapo siwezi kukataa, mtu ni mwaminifu.

Mwenye duka: Kanisa la kweli ni lile ambalo waumini wake hawajazi kaunta kutazama viberiti bila kununua.

Mke wangu sikumuuliza. Anasugua sufuria ambayo ni safi.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi mke wangu kamimina chai vikombe vitatu. Changu, chake, na cha mdogo wake. Maana mdogo mtu alikuwa anapita hapa kila siku kabla ya kwenda sokoni, anakunywa amesimama, anasema hakai, halafu anakaa saa nzima. Wiki kumi na mbili karibu, na mkono bado unamimina! Akakitazama. Akairudisha chai kwenye buli, tone kwa tone.

Ng'ambo ya ukuta mtu akakohoa, anapita barabarani.

"Ni yeye," mke wangu akasema. "Kifua hicho hakijapona. Nilimwambia asilale dirisha wazi."

Nikamwambia, toka basi umsalimie.

"Nimsalimie? Aliyekutukana wewe?"

Nikashangaa. Mimi kanitukana lini? Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Siku ile ya ubatizo, mdogo wake alimvuta pembeni akamwambia kwa sauti ndogo, dada, mbona hili birika naliona fupi? Si kwa ubaya. Na mke wangu akawaka. Akamwambia, "Mume wangu ana miaka arobaini na mitatu ya kazi, hajawahi kukosea kipimo hata mara moja!" Neno likazaa neno. Yakafika kwenye mambo ya kanga iliyoazimwa wakiwa wasichana. Kidole na mafundisho vilikuja kuongezwa baadaye, kama rangi juu ya ufa.

Ananitazama usoni, macho yamejaa. "Mimi mtu aseme lolote juu yangu. Lakini kazi ya mikono yako!"

Mimi nikanywa chai. Ilikuwa ya moto, nikaungua ulimi, nikashukuru. Mtu aliyeungua ulimi hasemi.

Yaani ugomvi si wa kanisa la kweli. Ni wangu. Na dada mtu kamkosa mdogo wake kwa kunitetea mimi. Na mdogo mtu ndiye aliyesema kweli. Nikisema, mke wangu ataaibika mtaa mzima. Nisiposema —

Mkono umechoka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejificha siku nzima. Nimejenga upya banda la kuku. Hatuna kuku.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda kwa Mlingoti. Nia yangu nimwambie yeye kwanza, mwanamume kwa mwanamume. Nimemkuta uani, mguu juu ya kiti, soksi imevuliwa, anakitazama kidole kama mtu anayesubiri kijibu.

"Mwanyumba," akaniambia, "wewe unanijua tangu ujana. Niambie bila kunificha. Nina dhambi gani inayoweza kukaa kwenye kidole?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia wiki zote hizi anajichunguza. Kwa nini maji yakubali watu wote, hata yule muuza mitumba tunayemjua wote, halafu yamkatae yeye? Ameungama kila kitu. Ameungama maembe ya jirani alipokuwa na miaka saba. Amemfuata mwalimu wake wa zamani, kikongwe hasikii, akamwungamia kuangalia karatasi ya mwenzake, na mwalimu akadhani kaja kuomba kazi. Akamwungamia mkewe kwamba yale maua ya miaka ile hakuyanunua, aliyakata makaburini.

"Akasemaje?"

"Nalala sebuleni."

Nikafungua mdomo. Nikasema, mwanyumba, lile birika... Akanikatiza. Akasema, "Birika halina kosa, umelijenga wewe."

Wote wameungana kuniua kwa sifa! Nikamwambia pole. Nikaondoka. Njiani nikajiita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari lenye picha ya njiwa kwenye jalada.

Kesho nasema. Mchungaji kaniomba nipande paani nilikaze bango kwa waya, upepo unalipindua watu wanasoma mgongo. Nikishuka tu nasema.

Jumamosi, 16 Machi. Juu ya paa la kanisa

Naandika kwa penseli, ile ninayoiweka sikioni. Kalamu ya wino iko chini. Kila kitu kiko chini, isipokuwa mimi.

Niandike kwa mpangilio. Niko na muda.

Nilipanda saa tatu. Ngazi yangu mwenyewe, nimeikuta ukutani imepakwa rangi nyekundu ya bango. Nikakaza waya. Jumamosi ni siku ya usafi pande zote mbili. Mke wangu na wenzake wanafagia upande huu, shemeji na wenzake upande ule, na vumbi lote linasukumwa barabarani. Upepo ukalirudisha la Godoro kwa Birika. Mke wangu akalipeleka. Likarudi. Fagio zikaanza kusema kabla ya watu kusema.

"Fagieni kwenu!" mke wangu akaita.

Shemeji akaacha ufagio. "Sisi tunafagia vizuri, dada. Hatuachi kona kama nyie mnavyoacha vidole!"

Ooo! Watu wakatoka. Mchungaji akatoka na karai, Katibu akatoka na kitambaa cha vioo.

"Kidole kiliachwa na ukaidi wa mumeo!" mke wangu akamjibu.

"Kiliachwa na birika fupi!"

"Fupi? Mume wangu hajawahi kukosea kipimo hata mara moja! Yuko pale juu, muulizeni!"

Mtaa mzima ukainua uso. Jamani. Nimesimama nyuma ya maneno KANISA LA KWELI nimeyashikilia kwa mikono miwili, na waya mdomoni. Nikatema waya.

"Nilikosea," nikasema.

Hawakusikia. Nikapiga kelele. "NILIKOSEA! Tepu imekatika ncha! Nilitakiwa kutoa kumi na tano, sikutoa! Birika ni fupi! Kidole hakina kosa, Mlingoti hana kosa, shemeji alisema kweli. Ilikuwa ni siagi!"

Pikipiki iliyokuwa inapita ikazima.

Mke wangu akaweka ufagio chini taratibu. Nilijua nimekwisha. Miaka arobaini na mitatu imeanguka toka paani mbele ya watu. Akasema, sauti ndogo, "Siagi gani?"

"Ile uliyonipakia pande zote mbili."

Akanitazama. Akamtazama mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa na haki ya kusema lile neno ambalo kila mwenye haki hulisema, si nilikuambia. Hakulisema. Alikuwa amebana midomo, mabega yanatikisika. "Dada," akasema, "pande zote mbili?" Halafu akaangua kicheko, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipomshika, mke wangu alishavuka barabara anampiga mgongoni. "Si nilikwambia usilale dirisha wazi? Nilikwambia, hukunisikia!" Anampiga, analia, anacheka, anampiga.

Mimi nikakaa chini juu ya bati.

Sasa hao wakubwa. Mchungaji akasema, kwa hiyo mafundisho hayakuwa na kosa. Katibu akasema, kwa hiyo pingamizi halikuwa na kosa. Kosa ni la fundi! Wakapeana mikono kwa furaha kubwa. Sijaona mtu kutubu kwa niaba ya mwingine kwa raha namna ile. Sawa, nibebesheni. Mabega yangu yamebeba zege.

Mtu akaenda mbio kumwita Mlingoti. Akaja kwa kandambili, soksi moja mkononi anaipunga kama bendera. Shemeji akamwambia leo unarudi kulala chumbani, lakini maua tutayazungumza. Wote, Birika na Godoro, wakajaa ndani. Mchungaji akasema azamishwe tena, palepale, maji yamo. Ndipo mtu akauliza: birika si bado ni fupi?

Nikapiga bati kwa nyundo. "Mlazeni kona kwa kona!" Kona kwa kona ni karibu mita mbili, fundi yeyote anajua. Ningelifikiria hilo wiki kumi na mbili zilizopita, ningeokoa watu ngoma na viti. Sikufikiria. Nilikuwa nafikiria jina langu.

Na stuli haipo, imevunjika. Mlingoti atashukaje na magoti ya uzee? Basi wakatoka wawili, mmoja wa Birika, mmoja wa Godoro, kwa umoja ambao haujaonekana tangu kabla ya Krismasi, wakachukua ngazi yangu. Wakaingia nayo. Hakuna aliyetazama juu.

Bati lina joto sasa. Nimekalia kofia.

Kuna tundu la msumari hapa karibu na goti. Nimeweka jicho. Naona birika lote, kama nalichora. Ngazi yangu imo majini. Mlingoti kalazwa mshazari, Mchungaji kashika kichwa, Katibu kashika kiuno. Mke wangu na mdogo wake wamepiga magoti kwenye kona, upande wa mguu. Mchungaji kasema tufumbe macho tuombe.

—

Wameimba. Wimbo ule wa Jumapili. Nguzo na paa. Bati lote limetetemeka chini yangu, sikuhitaji kwenda katikati ya barabara.

—

Hapa kuna jambo. Mlingoti katoka, analia, anamkumbatia kila mtu, maji kila mahali. Halafu Katibu kauliza: nani kaona kidole kikizama? Wakatazamana. Wote walikuwa wamefumba macho! Mchungaji alifumba. Katibu alifumba, tena anajilaumu. Akina mama wanasema wao walikuwa wanasali na kusukuma tu. Wengine wameshaanza kujisogeza, wa Birika kulia, wa Godoro kushoto.

Sasa wametoka nje wote. Wanatazama juu. Hatimaye!

"Mzee fundi," Mchungaji anaita, "pale kwenye tundu la bati wewe hukufumba, sivyo?"

Sikufumba. Mtu pekee aliyekuwa na jicho wazi ni yule ambaye hajabatizwa.

Mke wangu ananyoosha kidole. "Sema kweli leo, wewe mzee. Na ukishuka, zamu yako. Maji bado yamo!"

Nina mita moja na sitini. Nitaenea hata kwa upana nikijikunja. Ila maji yale yanazidi magoti.

Kweli ni hii, naiandika kabla sijaisema. Kidole sikukiona. Pale kwenye kona, wakati watu wote wamefumba macho, niliona mikono miwili tu imelaliana juu yake, wa mke wangu na wa mdogo wake, inasukuma chini, na maji yakaifunika mikono yote miwili hadi kwenye bangili. Kidole kilikuwa chini ya hiyo. Kitakuwa kimeenda wapi kwingine?

Wanasubiri. Katibu kaweka mkono sikioni. Nitawaambia, sina mpango wa kuwaficha tena. Lakini sitasema jambo kubwa namna hii kwa kupiga kelele kama muuza samaki. Nimewajengea birika, nimewaazima, nimewabebea kosa.

Jamani, wa Birika na wa Godoro, yeyote aliye karibu na mlango: naomba ngazi yangu.